Ubongo Kwenye Mizani

Kazi yangu ni kutafuta madaktari. Si kwamba naumwa. Natafutia hospitali watu wa kuajiri: hospitali za binafsi, za misheni, na mara moja moja jengo la tajiri fulani aliyepandisha ghorofa tatu, akapaka rangi, akaweka bango, halafu akakumbuka kwamba ndani lazima pawe na mtu wa kutibu. Ofisi yetu iko Kakamega mjini, juu ya duka la dawa, karibu na stendi, mahali ambapo makanga wa Mbale na Kisumu wanapiga kelele mpaka unajikuta umeandika "Kisumu wawili" ndani ya barua ya mtu. Tuko watatu. Nina simu mbili, jedwali refu kwenye kompyuta, na subira ambayo mama husema niliirithi kwa babake.

Watu wakisikia kazi yangu huuliza: kwani madaktari si wako tele? Si tuliwaona barabarani na mabango? Ndiyo, uliwaona. Mgomo wa 2024 ulianza katikati ya Machi na kuisha tarehe 8 Mei, siku 56, na sehemu kubwa ya ugomvi ilihusu madaktari wanagenzi: wamemaliza shule, wanangoja kupelekwa hospitalini, na serikali inataka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi wakati mkataba wa 2017 ulisema 206,000. Mkataba huo wenyewe ulipatikana baada ya mgomo mwingine wa siku 100. Kati ya migomo hiyo miwili, mwaka wa 2018, serikali ilileta madaktari bingwa 100 kutoka Cuba na kuwagawa kwenye kaunti. Wawili walitekwa Mandera mwaka uliofuata, na 2023 serikali ikatangaza kwamba mkataba na Cuba umekwisha. Kwa hivyo vijana wapo, wamekaa nyumbani na vyeti vyao. Mtu mgumu kupatikana huku kwetu ni bingwa, hasa yule wa magonjwa ya ndani ambaye wote tunamwita fizishiani. Ukimpata kwa simu, atakuuliza mambo matatu kabla hujataja mshahara: watoto watasoma wapi, mashine ya skani inafanya kazi au ni mapambo, na usiku atakuwa zamu na nani.

Mwaka juzi, Jumapili moja, baba alidondosha kikombe cha chai.

Tulikuwa nyumbani Shinyalu, tumetoka kanisani. Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa kukunja gazeti mara nne na kusoma kipande kimoja kimoja. Kikombe kilianguka, akakitazama kana kwamba si chake. Mama akamwita, akajibu neno ambalo halikuwa neno. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Tulimpakia kwenye probox ya jirani na kumkimbiza hospitali moja ya binafsi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, na kwa sababu nilikuwa naijua vizuri. Naijua vizuri kwa nini? Kwa sababu walikuwa wateja wetu. Nafasi yao ya fizishiani ilikuwa wazi kwa miezi kumi na minne, na mimi ndiye niliyekuwa naitangaza.

Daktari kijana aliyekuwa zamu alifanya alichoweza. Presha ya baba ilikuwa 210 kwa 120. Skani haikuwepo, na bila skani huwezi kujua kama mshipa umeziba au umepasuka, na dawa ya kuyeyusha donge ukimpa mtu ambaye mshipa umepasuka unammaliza. Tena dawa hiyo ina saa zake: nne na nusu tangu dalili zianze, basi. Alihitaji mkubwa wake wa kumwuliza, na mkubwa hakuwepo. Tulipoteza saa mbili hapo tukingoja ambulensi ya kwenda Eldoret, na barabara nayo ikachukua zake.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linalonifanya niandike. Kwenye kompyuta yangu kulikuwa na faili la fizishiani mmoja. Umri: 61. Amestaafu serikalini, anaishi mwendo wa dakika ishirini kutoka hospitali hiyo, yuko tayari kuanza hata kesho. Mteja alisema anataka damu changa, mtu asiyezidi miaka 45. Mimi sikubishana. Nilimhamishia mzee yule kwenye folda niliyoiita "Baadaye," nikaendelea kutangaza.

Baba hakufa. Alikaa wodini Eldoret wiki tatu, na mimi nikawa mtu wa benchi la korido, simu mkononi. Siku ya pili daktari mmoja aliyepitia mafaili aliniambia, akiwa tayari anaondoka, "Ni presha tu. Wazee wetu wa zamani hawakuwa na kitu hii." Wazee wa zamani gani? Nani aliwapima? Kazi yangu ni kukagua madai ya watu kwenye CV, kwa hivyo nikaanza kukagua.

Aliyewapima yupo kweli. Anaitwa C. P. Donnison, daktari aliyekuwa kwenye kazi ya serikali ya kikoloni huko Kavirondo Kusini, yaani nchi ya Wakisii na Waluo upande wa pili wa ghuba. Sisi tulikuwa Kavirondo Kaskazini, na makao makuu ya wilaya yalikuwa hapa Kakamega. Mwaka wa 1929 alichapisha makala fupi katika jarida la Lancet la London. Alisema kwamba kwa miaka miwili, wagonjwa wapatao 1,800 walilazwa katika hospitali ya Waafrika aliyofanyia kazi, na hakupata hata mmoja wa kumwandikia presha ya juu. Halafu akapima watu 1,000 hivi wasio wagonjwa. Mpaka miaka arobaini, presha yao ilikaribiana na ya Wazungu. Baada ya hapo ndipo walipoachana njia: ya Mzungu inapanda kadiri anavyozeeka, ya hawa inateremka.

Nilisoma hiyo mara tatu pale kwenye benchi. Inateremka!

Lazima niseme haraka kwamba namba hizo zina matundu. Mwaka wa 1929 mzee wa Gusii hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Umri wake ulikisiwa kwa kuuliza kama alikuwa ametahiriwa wakati wa njaa fulani. Na mzee aliyeanguka kwa kiharusi kijijini, nani angembeba kilomita thelathini kumpeleka kwa daktari wa serikali? Angelala kwenye kitanda chake, watu wangesema amerogwa, na angezikwa bila kuingia kwenye daftari la Donnison. Lakini tofauti ile ilikuwa kubwa, na wengine waliopima vijijini Afrika Mashariki baada yake waliendelea kukuta jambo la namna hiyo. Donnison mwenyewe alielekeza kidole kwenye ustaarabu, kwenye mvutano wa kulazimika kuishi maisha mapya, na mwaka wa 1937 akatoa kitabu kizima juu ya hoja hiyo. Sahani ya ugali hakuishughulikia sana.

Mimi sahani ndiyo inayonisumbua, kwa sababu naikumbuka. Kukhu, mama yake baba, alipika mpaka mwaka aliofariki, na alipika kwa musherekha. Kama wewe ni mtoto wa Nairobi na hujui musherekha, ngoja nikueleze. Unachukua maganda makavu ya maharagwe, unayachoma mpaka yawe majivu meupe, unayatia kwenye chombo chenye matundu chini, unamwagia maji taratibu. Kinachodondoka chini ni maji ya rangi ya chai ya rangi, yanayowasha ulimi. Hiyo ndiyo ilikuwa chumvi ya jikoni kwake. Kidogo tu kwenye murere, mboga inalainika na kuvutika. Kidogo kwenye likhubi, majani ya kunde yanaiva upesi na yanabaki kijani. Ugali wake ulikuwa wa wimbi, mweusi, mzito, na sisi wajukuu wa mjini tulikuwa tunauita saruji.

Majivu ya mimea yamejaa potasiamu. Chumvi ya dukani ni sodiamu. Haya mawili yanavutana ndani ya mwili: sodiamu ikizidi, presha ya watu wengi hupanda, potasiamu ikiwa ya kutosha, husaidia kuishusha. Sisemi musherekha ni dawa ya presha, tafadhali usichukue maneno yangu ukaenda kuyauza kwenye WhatsApp ya familia. Tena chumvi ya dukani ina faida moja ambayo majivu hayana: tangu miaka ya 1970 Kenya inaitia madini ya iodini, na mtoto anayekosa iodini tumboni mwa mama yake, ubongo wake ndio unaolipa. Kwa hivyo kukhu hakuwa sahihi kwa kila kitu. Lakini uwiano ulikuwa umebadilika nyumbani kwetu, na hakuna aliyeona ukibadilika.

Kuna watafiti waliouona ukibadilika, tena kwa macho. Mwaka wa 1990 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa Wajaluo waliotoka kijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi. Walipimwa, wakafuatwa mjini, na wenzao waliobaki nyumbani wakapimwa pia ili kulinganishwa. Presha ya waliohama ilikuwa juu zaidi, na haikungoja miaka. Ilionekana ndani ya miezi ya mwanzo. Mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi kwa potasiamu kidogo kuliko wa ndugu zao wa kijijini. Fikiria wewe mwenyewe wiki yako ya kwanza Nairobi: chapati na maharagwe ya kibanda, smokie, chips za mia moja na chumvi ya kutikisa juu, mchuzi wa unga wa paketi. Mimi nilipokuwa Kayole sikupika mboga ya majani mwezi mzima.

Isipokuwa baba hakuhama. Baba alikaa Shinyalu, na mji ukamfuata pale pale. Upande wa mama, kule Matungu, ulikwisha kuwafuata zamani: kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga miwa mwaka wa 1973, babu alipanda miwa mpaka mlangoni, wimbi likakosa mahali, na unga ukawa kitu cha kununua kwa pesa ya miwa, pesa ambayo ilikuwa inakuja inapotaka. Kiwanda chenyewe kilikabidhiwa meneja mrasimu mwaka wa 2019. Ugali mweupe ulibaki.

Nilidhani historia ya ubongo na chakula katika nchi hii itaishia kwenye presha. Nilikuwa nimekosea, na sehemu inayofuata niliisoma nikiwa na hasira, usiku, baba akiwa amelala na mkono wake wa kulia juu ya blanketi kama kitu kilichosahauliwa na mtu mwingine.

Mwaka wa 1934 mtaalamu wa patholojia aliyefanya kazi Nairobi, F. W. Vint, alichapisha katika jarida la anatomia la Uingereza matokeo ya kupima bongo 100 za wanaume Waafrika wa Kenya. Aliziweka kwenye mizani. Wastani ulikuwa gramu 1,276. Akaulinganisha na wastani uliokubaliwa wa Mzungu, 1,428. Tofauti ya zaidi ya asilimia 10, akaandika, na tabaka la juu la ubongo nalo ni jembamba zaidi. Jijini Nairobi palikuwa na daktari mwingine, H. L. Gordon, aliyekuwa na uhusiano na hospitali ya Mathari, ambaye alizishika namba hizo kama rungu. Mwaka wa 1933 Gordon na wenzake walikuwa wameunda chama cha kile walichokiita uboreshaji wa mbari. Hoja yao, ukiivua nguo, ilikuwa hivi: ubongo wa Mwafrika umeumbwa pungufu, kwa hivyo hata faida ya kumsomesha kwa namna ya Kizungu ni ya kutiliwa shaka. Waliomba London pesa za utafiti mkubwa zaidi. London haikuwapa.

Kinachoniuma si ubaguzi peke yake. Ubaguzi wa 1934 haumshangazi mtu. Kinachoniuma ni kwamba jibu lilikuwa kwenye kabati la idara yao wenyewe. Miaka mitatu kabla, 1931, mkuu wa huduma za tiba wa Kenya, J. L. Gilks, pamoja na mtaalamu wa lishe wa Scotland, John Boyd Orr, walikuwa wamechapisha uchunguzi wa Wakikuyu na Wamasai. Waligundua kwamba mwanamume Mmasai, aliyekula maziwa, nyama na damu, alikuwa mrefu kuliko Mkikuyu mla nafaka na viazi kwa inchi 5, na mzito kwa ratili 23. Utafiti huo nao una makosa yake na wanahistoria wameukosoa, hasa kwa namna ulivyorahisisha chakula cha Wakikuyu. Lakini ujumbe wake mkuu ulikuwa bayana: chakula hujenga mwili, na watu wa nchi moja, wanaopakana, wanaweza kutofautiana kimo kwa sababu ya wanachokula. Sasa kama chakula kinapunguza inchi tano za mfupa, mtu anawezaje kupima ubongo wa maskini aliyefia hospitalini na asiulize alikuwa anakula nini tangu utotoni? Ubongo nao ni nyama. Mtu mdogo ana ubongo mdogo, na hilo halisemi lolote kuhusu kama anaweza kufanya hesabu.

Walioajiriwa kupima bongo hawakuajiriwa kuuliza kuhusu sahani. Nasema hivyo kama mtu wa kuajiri. Daktari wa serikali ya kikoloni alipatikana kupitia ofisi ya London. Mwafrika aliyesomea udaktari Makerere, ambako mafunzo yalianza mwaka wa 1924, alirudi kuitwa msaidizi, na kulipwa kama msaidizi. Chuo cha kuzalisha madaktari hapa kwetu Nairobi kilingoja mpaka 1967. Mfano unaonikera kuliko yote ni wa J. C. Carothers. Alikuja Kenya mwaka wa 1929 kama daktari wa kawaida. Mwaka wa 1938 nafasi ya mkuu wa Mathari ilikuwa wazi, na akapelekwa yeye, ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Naona kabisa jinsi ilivyokuwa: nafasi iko wazi, kuna mtu, mtie hapo, tutaona. Nimefanya hivyo mwenyewe. Carothers alikaa Mathari mpaka 1950, kisha mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Humo na katika maandishi yake mengine alidai kwamba Mwafrika hatumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka uliofuata serikali ikamwandikisha kijitabu cha kueleza Mau Mau kama tatizo la akili. Thomas Adeoye Lambo, daktari wa akili wa Nigeria, alimpinga vikali. Lakini kitabu kilikuwa na muhuri wa Geneva.

Kuajiri vibaya kuna sura nyingine pia, ya kumkataa anayefaa. Denis Burkitt alikuwa mpasuaji Mwairishi aliyepoteza jicho moja utotoni. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni mara ya kwanza, alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Baada ya vita alikubaliwa, akafika Uganda mwaka wa 1946, na mwaka wa 1958 mtu huyo wa jicho moja akaandika juu ya uvimbe wa mataya ya watoto ambao wenye macho mawili walikuwa wameupita kila siku. Leo saratani ile ina jina lake. Mwenzake wa Mulago, Hugh Trowell, alikuwa ameanzia kazi hapa Kenya mwaka wa 1929 kabla ya kuhamia Uganda. Trowell alitumia miaka mingi kwenye ugonjwa wa watoto wanaovimba miguu na nywele kugeuka nyekundu, kwashakoo, na mwaka wa 1956 alishiriki kuandika juu ya Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo kama juu ya kioja, kwa jinsi alivyokuwa nadra. Uzeeni, yeye na Burkitt waliandika pamoja kuhusu magonjwa yanayofuata chakula kilichokobolewa, presha ikiwa mojawapo. Hao walitazama sahani.

Niliposoma habari ya jicho la Burkitt, nilifungua kompyuta pale pale kwenye benchi. Folda ya "Baadaye" ilikuwa na majina kumi na tisa. Mama mmoja aliyepumzika miaka sita kulea mtoto mgonjwa. Kijana mwenye kigugumizi. Mzee wangu wa miaka 61. Sikumbuki hata mmoja aliyewekwa humo kwa sababu ya udaktari wake.

Utafiti ambao ningependa Vint angeuona ulifanyika Embu, kati ya 1998 na 2001. Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Charlotte Neumann wa California waliongoza kundi lililochukua shule 12 za msingi, watoto wa darasa la kwanza. Shule nyingine zilipewa githeri ya saa nne yenye nyama ya kusaga, nyingine githeri na maziwa, nyingine githeri iliyoongezwa mafuta tu, na nyingine hazikupewa chakula. Baada ya mihula kadhaa, watoto wa nyama walikuwa wamewaacha wenzao katika mtihani wa kupanga maumbo, ule usiohitaji kujua kusoma. Nyama kidogo tu, vijiko kadhaa. Madini ya chuma, zinki, vitamini B12. Ubongo ule ule wa Kenya, kwenye mizani nyingine.

Nyama si kila mtu anayo, najua. Hapa kwetu jibu la karibu zaidi limekuwa kwenye mboga ambazo kwa miaka mingi ziliitwa magugu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa JKUAT alikua hawezi kula nyama, samaki wala mayai kwa sababu ya mzio, akalelewa kwa mboga za kienyeji, kisha akafanya maisha yake ya utafiti kuwa juu ya hizo: managu, saga, mrenda, mitoo, kunde, mchicha. Kama leo unaziona kwenye rafu ya supamaketi Nairobi zimefungwa na mpira, juhudi zake ni sehemu ya sababu. Na Wamarekani wamejaribu kutunga mlo maalumu wa kulinda ubongo wa wazee, wenye majani ya kijani mbele kabisa. Watu waliofuatwa kwa miaka mingi na kuonekana wanakula hivyo walikuwa na kumbukumbu nzuri zaidi, lakini jaribio la miaka mitatu lililotangazwa mwaka wa 2023 halikuona tofauti ya maana kati ya mlo huo na ule wa kulinganishia. Pengine miaka mitatu uzeeni ni michache mno. Mtu akikuuzia unga wa majani kwa elfu mbili mia tano eti wa kufungua ubongo, mwulize hilo.

Baba sasa anatembea. Mkono wa kulia unashika kijiko lakini si kalamu. Majina ndiyo yanamtoroka; ananiita kwa jina la kaka yake aliyefariki, halafu anajua amekosea, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwamba anajua. Mama amemwondolea chumvi mezani na kumrudishia wimbi, naye analalamika kwa maneno yaliyonyooka kabisa kuliko anavyozungumza jambo lingine lolote. Dawa za presha anakunywa asubuhi na jioni. Hizo ndizo zinazofanya kazi kubwa, mama asikudanganye na musherekha yake.

Nilimpigia simu yule daktari wa miaka 61, ambaye wakati huo alikuwa 62. Nilikuwa nimeandika cha kusema. Nikamwambia, "Daktari, shikamoo, mimi ndiye yule wa ofisi ya ajira, naomba radhi nilikaa kimya." Nilimweleza kwamba nimemwandikia mteja barua ya kurasa mbili, kwamba nimetaja umri wake kama sifa, na kwamba nimesema kama hawamtaki sitaendelea kuitangaza nafasi hiyo.

Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia kuku.

"Marahaba," akasema. "Wamenunua skani?"

Nikamwambia bado.

"Basi waambie nitakuja siku tatu kwa wiki. Na hiyo barua ya kurasa mbili, ongeza ya tatu. Uandike skani."